Lango, Kufunga, Hofu

Sura ya Tisa

Saa nane na robo mchana Térence alizungusha mnyororo mara tatu kwenye lango la jengo la Inverlea, akabana kufuli, akautumbukiza ufunguo mfukoni mwa ovaroli.

"Sasa hakuna wa kuingia," alisema.

"Wala wa kutoka," alisema Jecha.

"Tonton, huko nje unaenda kufanya nini? Kuimba nao?"

Warundi wa jengo walimwita Jecha Tonton, mjomba. Maandamano ya kuwafukuza wageni yalikuwa bado mtaa wa pili, lakini firimbi zilishafika. Mtaa mzima wa Albert Park ulikuwa umeteremsha milango ya mabati. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameacha kiti chake nje, na taulo bado limening'inia mgongoni mwa kiti.

Jecha alikuja asubuhi kwa kazi ya muda wa saa moja tu. Sasa alikuwa amefungiwa na watu mia mbili, kifo kimoja, na msichana ambaye watu mia moja na tisini kati ya hao walikwisha kumhukumu.

Jecha Kombo alikuwa mtu wa Pemba, mwenye miaka hamsini na mbili, mkazi wa Chatsworth. Shule aliiacha darasa la sita, akaingia kwenye ulinzi wa maghala, na kutoka huko akapata cheti cha upelelezi wa kujitegemea. Alitembea nacho kwenye pochi, maana uso wake haukuwashawishi watu. Chama cha Warundi ndicho kilichomwita. Mwalimu Onesphore Nimbona, aliyekuwa akifundisha Kijerumani katika chumba chake ghorofa ya tisa, alikutwa Jumatatu saa kumi alasiri amevunjika shingo chini ya ngazi za ghorofa ya pili. Lifti mbovu, ngazi zina maji, marehemu ana miaka sitini na nane. Polisi waliandika ajali. Chama kingekubali, lau si kopo la biskuti. Ndani ya kopo hilo Mwalimu alikuwa akiweka pasipoti za wanafunzi wake, awajazie fomu za kwenda kazi ya uuguzi Ujerumani. Kopo halikuonekana tena. Leo ilikuwa Alhamisi.

Jecha aliliacha lango akaelekea chumba cha kufulia, mwisho wa ukumbi. Mlangoni, juu ya kreti la soda, aliketi mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi. Huyo alikuwa Anaïs, mwuza sambusa wa ghorofa ya tano, naye pia mwanafunzi wa Mwalimu.

"Iko ndani," alisema Anaïs. "Hatoki mpaka polisi wakuje."

"Nani kakupa kazi ya uaskari jela, dada?"

"Pasipoti yangu iko wapi, Tonton? Ya mimi imepotea. Ya Térence imepotea. Ya Nahimana imepotea. Ya huyu moja tu iko salama kwenye sakoshi yake. Vraiment, uniambie hiyo ni hesabu gani."

"Labda alipewa."

"Na mimi labda ni malkia."

"Basi Malkia, nipishe."

Anaïs alisogeza kreti nusu hatua, ili ajue kwamba amesogezewa.

Ndani mlikuwa na mashine mbili za kufulia zisizofanya kazi na dirisha dogo lenye nondo. Laurette aliketi sakafuni, mgongo kwenye mashine, sare ya kazi bado mwilini. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Jumatatu alitoka darasani akaenda moja kwa moja Pinetown kumhudumia bibi mmoja mgonjwa, akalala huko siku tatu. Asubuhi ya leo alirudi kuchukua sanduku lake, wakamkamata palepale langoni.

"Basi lako linaondoka saa ngapi?" Jecha aliuliza.

"Saa kumi na moja."

"Kwenda?"

"Pretoria. Kesho saa tatu asubuhi naingia kwenye mahojiano ya viza. Tonton, nikikosa kesho, nafasi nyingine ni mwakani. Na hospitali ya kule inaningoja mpaka mwisho wa mwezi tu. Baada ya hapo wanachukua mwingine."

"Kwa nini pasipoti yako haikuwa kwenye kopo?"

"Mwalimu alinipa Jumatatu, mwisho wa darasa, kwa sababu ya safari. Kopo nililiacha mezani, limejaa."

"Nani alikuona ukipewa?"

"Hakuna. Nilikuwa peke yangu. Habari za maandamano zilikuwa zimeanza, wengine waliogopa kutoka vyumbani."

Jecha alikuwa ameshaliona daftari la mahudhurio. Kweli, Jumatatu palikuwa na jina moja tu. Kwa binti huyu ukweli ulikuwa kamba shingoni: alikuwa mtu wa mwisho kuonekana na marehemu, na wa pekee mwenye pasipoti.

Alitoa simu akamwonyesha picha. Mtu wa Chama aliipiga kabla polisi hawajafika. Ilionyesha mkono wa kulia wa Mwalimu kwenye sakafu, na ndani ya ngumi kalamu ya wino mwekundu, wazi, haina kifuniko. Kisha akatoa mfukoni kifuniko chekundu.

"Hiki nimekiokota leo juu ya ngazi zile, nyuma ya bomba. Mtu hashuki ngazi zenye maji kalamu iko wazi mkononi. Alisimama. Akafungua kalamu. Alikuwa anasahihisha daftari la mtu palepale ngazini. Nionyeshe la kwako."

Laurette alilitoa mkobani bila kusita. Jecha alifunua mpaka ukurasa wa mwisho. Palikuwa na wino mwekundu na tarehe ya Jumatatu.

Nyuma yake Anaïs alikuwa amechungulia. "Si unaona? Si unaona? Wino mwekundu!"

"Rudi kwenye ufalme wako," alisema Jecha. Aliusogeza ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi ya Mwalimu yalikuwa yamenyooka, herufi zimekaa kwenye mstari kama wanafunzi kwenye benchi. Haya yaliandikwa mezani, kwa raha.

"Nisomee. Mimi Kijerumani sijui, na Kirundi najua salamu tu."

"Ni neno la wiki," alisema Laurette. "Kila wiki Mwalimu alitupa neno moja refu na historia yake. Wajerumani wanaunganisha maneno kama mabehewa. Hili ni *Torschlusspanik*. *Tor* ni lango, kwetu tunasema irembo. *Schluss* ni kufunga. *Panik* ni hofu. Hofu ya lango kufungwa. Zamani miji yao ilikuwa na kuta. Jioni kengele inalia, lango linafungwa, aliyechelewa analala nje na majambazi. Leo wanalisema kwa mtu anayeona umri unamwacha, hajaoa, hajapata kazi, milango inafungwa moja moja."

"Na huu wekundu?"

"Wiki tatu zilizopita alitufundisha kwamba neno zima lina miaka mia saba. Jumatatu akasema amekosea. Alikwenda maktaba Jumamosi akasoma. Lango na kufunga ni vya kale kweli, lakini ile hofu imeunganishwa juzi tu, karne iliyopita. Watu wa kale walifungiwa nje na hawakuwa na jina la kitu walichosikia moyoni. Akaandika hapa: 'Kosa langu.' Akatia sahihi."

"Aliumia kukosea?"

Laurette alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwalimu? Hakula. Alisema, 'Nitawatafuta mmoja mmoja. Hakuna atakayelala na kosa langu kwenye daftari lake.'"

Jecha alilifunga daftari taratibu.

"Hili umemwambia nani?"

"Nani aniongeleshe? Toka Jumatatu hakuna aliyenitumia hata salamu. Leo wamenitumia mwiko."

"Usimwambie mtu. Hata nikikuuliza mwenyewe mbele ya watu, nyamaza."

Alitoka. Firimbi zilikuwa zimegeuka nyimbo sasa, na nyimbo zilikuwa na maneno. *Abahambe*, waondoke, *abahambe*. Watoto walikuwa wamepandishwa ghorofa za juu. Wanaume wa jengo walisimama ukumbini mikono mitupu, wakiutazama mnyororo kama mgonjwa anavyoitazama chupa ya maji inayodondoka.

"Malkia," alisema Jecha, "daftari lako la Kijerumani liko wapi?"

"Kwenye aproni. Mimi nasoma nikikaanga." Alilitoa lina mafuta mpaka katikati.

"Neno la lango. Lina umri gani?"

"Miaka mia saba," alisema Anaïs bila kufungua. "Kwani wewe umekuja kufanya mtihani?"

Jecha alikagua ukurasa. Mia saba. Hapakuwa na wekundu.

Nahimana alikuwa amesimama karibu na masanduku ya barua, kijana mrefu wa kuuza viatu, na vidole vyake vilitetemeka. Tangu asubuhi Jecha alikuwa akimshuku kwa mtetemeko huo. "Mia saba," alisema Nahimana. "Au mia nane? Eish, Tonton, watu wako nje na marungu, unaniuliza miaka?" Daftari lake nalo lilikuwa safi. Jecha akamfuta kwenye orodha. Mtetemeko ulikuwa wa marungu tu.

Alibaki mwanafunzi mmoja. Jecha alitembea mpaka langoni.

Térence alisimama ubavu kwenye ukuta, akichungulia nje. Alikuwa mtunza jengo, miaka arobaini na nne, mtu wa kuheshimiwa. Ndiye aliyefagia ngazi, ndiye aliyepanda kwenye matangi maji yakikatika, na ndiye aliyeukuta mwili wa Mwalimu. Ufunguo wa kila chumba ulikuwa kiunoni kwake.

"Wamebaki dakika ngapi?" Jecha aliuliza.

"Kumi. Labda robo saa. Polisi wanawatembeza polepole."

"Na wewe ulikuwa ukisoma na wenzako?"

"Nilikuwa. Miaka minne nimefagia ngazi hizi nikisema *der, die, das*." Alicheka kidogo. "Lakini wiki tatu sijaenda darasani. Kazi nyingi."

"Jumatatu je?"

"Nilikuambia asubuhi. Toka saa nane mpaka saa kumi nilikuwa juu ya paa, tangi lilikuwa linavuja. Niliposhuka ndio nikamkuta."

"Hukushuka hata kidogo?"

"Hata kukojoa."

Jecha aliegemea ukuta wa pili, wakatazamana juu ya mnyororo. "Mimi niliacha shule darasa la sita. Wenzako wananitajia neno, lango sijui nini, kila mtu na lake. Wewe ni mtu mzima. Hebu nieleze."

Térence alijisikia. Mabega yalipanda. "Hao wanakariri tu. *Torschlusspanik*. Lango, kufunga, hofu. Ukuta wa mji, kengele ya jioni. Lakini usidanganywe kwamba ni neno la kale lote. Lango na kufunga ndiyo ya kale. Hofu wameiongeza juzi, karne iliyopita. Kama behewa la mwisho."

Nje mtu alipuliza firimbi karibu kabisa. Jecha hakugeuka.

"Umesoma kwenye daftari lako?"

"Ndiyo. Daftari lenyewe lililowa huko kwenye tangi, nikalitupa."

"Wiki tatu zilizopita Mwalimu aliwafundisha kwamba neno lote lina miaka mia saba. Anaïs analo hivyo. Nahimana analo hivyo. Hilo la behewa la mwisho Mwalimu mwenyewe hakulijua mpaka Jumamosi."

Térence alisema haraka, "Ah, ndiyo. Laurette aliniambia. Hapa hapa langoni, alipokuwa anatoka."

"Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Darasa liliisha saa nane na nusu. Na wewe toka saa nane ulikuwa juu ya paa. Hata kukojoa hukushuka."

Ukumbi ulikuwa umesikia. Mtu mmoja alivuta pumzi kwa meno. Anaïs alikuwa amesimama, kreti limeanguka nyuma yake.

"Nitakwambia ilivyokuwa," alisema Jecha kwa sauti ya kawaida, "na nikikosea unisahihishe, kama yeye. Mwalimu alikuwa anashuka kuwatafuta. Alikukuta ngazini. Kabla hajasema jingine lolote akakuomba daftari, akafungua kalamu, akakurekebisha. Hilo alilimaliza, maana umelijua vizuri kuliko wote. Baadaye akakuambia la pili, maana kwa neno tu mtu hasukumi mzee. Lilikuwa nini?"

Térence aliuchomoa ufunguo mfukoni. Hakuutazama. Aliuzungusha kidoleni.

"Alikuwa na barua," alisema. "Imechapwa. Mradi wa Ujerumani unachukua watu mwisho miaka thelathini na tano. Aliijua toka mwezi wa pili, akaogopa kuniambia, akaniacha nifagie na kukariri. Akanishika bega. Akasema, 'Térence, mdogo wangu, kwako limefungwa.' Na kalamu mkononi! Kama ananitolea kosa! Nilimsukuma mkono tu. Mkono tu, Tonton. Ngazi nilikuwa nimezimwagia maji mimi mwenyewe asubuhi."

"Na kopo?"

"Nilipanda kuchukua pasipoti yangu. Nikaziona zote."

"Ukaona heri wasiende wote."

"Na mimi niwafungulie lango wakipita na masanduku? Miaka minne?"

Anaïs alianza kuja na mwiko. Térence aliuingiza ufunguo kwenye kufuli.

"Mtu asinisogelee! Nafungua. Haki ya Mungu nafungua, waingie, watumalize sote."

Hakuna aliyesogea. Mbele ya maandamano ilikuwa imefika kwenye kiti cha kinyozi. Mtu akakipiga teke, kikaanguka, na taulo likakanyagwa. Ukumbi mzima ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Jecha aliwahi kusikia kwamba mchawi mpe mwana akulelee, lakini hakuwahi kuambiwa ufanyeje mchawi akishamshika mwana dirishani.

Alimsogelea hatua moja, mikono wazi.

"Fungua," alisema. "Lakini wewe ndiye uliye mlangoni. Wa kwanza kuulizwa kitambulisho ni wewe. Na pasipoti umeificha mwenyewe."

Uso wa Térence ulikunjamana. Akauchomoa ufunguo kwenye kufuli. Jecha akadhani yamekwisha. Ndipo mkono ule ukapita kati ya nondo, ukarusha. Ufunguo ulianguka katikati ya barabara, ukalia mara moja kwenye lami, miguu ikapita juu yake, miguu mingi sana, wala hakuna aliyeinama.

"Basi tubaki wote," alisema Térence, akaketi sakafuni.

Jecha aliketi kando yake, akamshika kifundo cha mkono. Hakuhitaji pingu. Walikaa hivyo, migongo kwenye ukuta, huku maandamano yakipita upande wa pili wa nondo kwa dakika ishirini na tano. Chupa moja ilipasuka langoni. Mtoto alilia ghorofa ya juu, akazibwa mdomo. Nyimbo zilipoanza kufifia kuelekea mjini, Jecha aliuliza swali moja tu.

"Liko wapi?"

"Chumba cha mashine ya lifti. Juu."

Nahimana alipanda akikimbia, akarudi na kopo la biskuti mikononi kama mtu aliyebeba mayai. Anaïs hakuligusa. Alikuwa anamtazama Laurette, aliyetoka chumba cha kufulia na kusimama akitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro robo. Mnyororo ulikuwa umezungushwa mara tatu.

"Ciza!" Anaïs alipaza sauti kwenye ngazi. "Ciza wa kuchomelea! Shuka na ile mashine yako ya kukatia!"

Ciza alishuka na mashine na waya mrefu. Watu wakaanza kunung'unika. Wakikata mnyororo, usiku watafungia nini? Kufuli lingine liko duka gani, na maduka yote yamefungwa? Wale wakirudi?

"Mnyororo tusiuguse," alisema Anaïs. "Kata nondo moja, chini. Apite yeye tu. Ukishakata, utaichomelea tena hapo hapo."

"Kwa mtu uliyemfungia na mwiko?" aliuliza Ciza.

"Kata, Ciza. Usinifundishe dhambi zangu."

Cheche zilirukia ukumbini. Nondo ngumu ilichukua nusu saa, na waya ulichomoka kwenye umeme mara mbili. Ilipotoka, pengo lilikuwa dogo kuliko walivyofikiri. Laurette alipita kwa ubavu. Sanduku halikupita.

"Acha!" alisema Anaïs. "Nitalituma. Nenda."

Aliondoka na mkoba tu, pasipoti na daftari ndani yake, akipita upande wa ukuta, haraka lakini bila kukimbia, maana siku ile katika mtaa ule mtu mgeni hakutakiwa kuonekana anakimbia. Kituo cha mabasi kilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano. Jecha alimfuata kwa macho mpaka kona. Alimwona akisimama kwenye robot, ile taa ya barabarani, hata gari hakuna, akangoja taa, akavuka.

Ciza alianza kuichomelea nondo upya. Jecha alikuwa ameshawapigia polisi, nao walisema wana kazi nyingi leo, wangoje. Akarudi kuketi kwenye sakafu ileile na kukishika kifundo kilekile.

Mwanga wa kuchomelea ulikuwa mkali. Térence alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba.

"Amepita?" aliuliza.

"Amepita," alisema Jecha.